UZI: Ubongo inaendelea kufa nyuma ya ajali. Tuongee mitokondria na ile dawa banauzisha

Muganga_Himbi (mwenye uzi)

Ndugu zangu ba Goma, Bukavu na wote munasoma, salamu. Kuko odio inazunguka mu ma grupe ya WhatsApp, sauti ya mutu anasema kumetoka dawa ya Ulaya "inatengeneza mitokondria ya ubongo", ati mutu akianguka na moto (pikipiki) unamunywesha tu anaamka, na batu biko banaiuzisha mu vikopo kwa bei ya mbuzi muzima. Mimi niko infirmie, nafanya kazi ku irjansi, naonaka familia inafika na kile kikopo mu mufuko na mugonjwa yao hata oksijeni hajapata bado. Njo maana naomba tuongee hii jambo kwa urefu, ju ndani ya ile odio kuko kitu ya kweli na kuko uongo, na batu banakamata uongo banaacha kweli.

Kweli njo hii. Ubongo inaumiaka mara mbili. Mara ya kwanza ni pale kichwa inagonga chini, na sisi hapa chini yetu ni mawe ya volkano, munajua vile inakata. Kile kilipasuka pale kimepasuka, hakuna docta wa dunia hii anaweza kurudisha ile sekunde. Lakini mara ya pili inaanza dakika zilezile na inaenda masaa, inaenda siku mbili, tatu, wakati ingine zaidi, na pale zinakufa seli ambazo ile jiwe haikuzigusa. Unaona mutu alifika anaongea, anataja jina ya bibi yake, kisha usiku anaanza kulala usingizi ya ajabu na asubui iko koma. Wakati ingine ni damu inajikusanya ndani, wakati ingine ni kuvimba, na chini ya ile kuvimba mara mingi utakuta mitokondria.

Mitokondria ni vitu bidogo sana ndani ya seli, seli moya ya ubongo inaweza kuwa nabyo mamia mpaka maelfu. Binachoma sukari na oksijeni binatosha ATP, ile nguvu seli inaishi nayo. Tunabipataka kwa mama tu, bya baba habipite, na biko na ADN (DNA) yabyo ya pembeni, jeni 37. Ubongo uzito yake ni kama 2% ya mwili lakini inakula karibu 20% ya oksijeni yote tunavuta, na haina fasi ya kuweka akiba, damu ikikatika mutu anazimia mu sekunde chache tu.

Sasa kichwa ikigongwa seli za ubongo zinamwanga glutamati mingi kupita kiasi. Glutamati njo kemikali zinatumia kuongea kati yao, lakini ikiwa mingi inafungua milango na kalsiamu inaingia ndani ya seli kama mafuriko. Kalsiamu mingi ni sumu, na mwenye kuipokea ni mitokondria. Ni kama vile sisi Goma tulipokea ba deplase, batu balikimbia vita: nyumba ya mbao ya vyumba viwili inapokea familia ya kwanza, ya pili, ya tatu, mwenye nyumba hafukuze mutu, mpaka siku ukuta inapasuka na wote banalala inje, mwenyeji pamoja na mugeni. Kwa mitokondria ile kupasuka iko na jina. Kuko tundu inafunguka ku ngozi yake ya ndani, ba sayansi banaiita mPTP, na protini moya yenye jina siklofilini D njo inasaidia ifunguke. Ikifunguka na ikabaki wazi, maji inaingia, mitokondria inavimba, ATP inakatika, na inatapika inje kitu inaitwa sitokromu c. Ile sitokromu c ikishafika inje ya mitokondria, kwa seli ni amri ya kujiua. Na mbele ya kufa ile mitokondria imeshatosha ma radikali ya oksijeni mingi yenye kuharibu seli za jirani nazo.

Ku panya bameona hii uharibifu inaanza mu nusu saa ya kwanza nyuma ya kugongwa na inaendelea siku mbili tatu. Sasa munaelewa kwa nini ba chercheri banaangalia pale. Kama kuko masaa kati ya kugongwa na kufa kwa seli, basi kuko fasi ya kuingilia.

Motari_Ndosho

Mukubwa aksanti, hii ya ba deplase imenifikia kabisa. Lakini unijibu mambo mbili ju mi niko na batu nyuma yangu banangojea. Ya kwanza, ile dawa iko ao haiko? Ya pili, sisi ba motari mutu anaangukaka, anaona nyota, anaamka anapanguza vumbi anasema niko fresh, nyuma ya saa moya iko tena ku parking anaita ba kliyan. Ule naye mitokondria yake inapasuka?

Muganga_Himbi

Motari ndugu yangu, ya pili yako ni ya maana kushinda ya kwanza, nitaijibu kwa urefu chini. Acha nimalize ya dawa.

Dawa ya kufunga ile tundu iko, na si mupya hata. Inaitwa siklosporini. Ilitoka mu kuvu (uyoga, kwa Kifaransa shampinyo, kila mutu na jina yake) moya ndogo sana ya mu udongo, balikamata ule udongo Norway, na tangu 1983 Marekani banaitumia ju mutu aliyepandikizwa figo mwili yake isikatae ile figo. Kisha ba sayansi baliona inakamata siklofilini D, na siklofilini D ikikamatwa tundu inachelewa kufunguka. Mu mwaka 1999 na 2000 timu za Marekani, mu Virginia na mu Kentucky, bakaonyesha panya yenye kugongwa kichwa ikipewa siklosporini mapema mitokondria yake inavumilia na ubongo yenye inakufa inapunguka. Furaha ikawa mingi. Bakaingia kwa batu: majaribio madogo yalitoka 2008 na 2009, wagonjwa makumi tu, bakaona inavumilika, lakini mutu aliyepewa na ule hakupewa ku mwisho hawakuachana vya kutosha ku maisha yao. Kisha kampani ya Sweden, NeuroVive, ikatengeneza siklosporini yake ya kutia mu mushipa na kuijaribu Copenhagen. Mpaka leo haijakuwa dawa ya kichwa yenye inakubaliwa mu lopitali. Na ku moyo walijaribu kwa ukubwa zaidi, ba Ufaransa njo balikuwa mbele, wagonjwa karibu 970 wenye moyo iliziba, majibu ilitoka 2015: haikusaidia.

Kwa nini ku panya ndiyo, kwa mutu hapana? Panya zote za majaribio ni ndugu, umri moya, zinagongwa fasi moya kwa nguvu moya, na dawa inaingia dakika 15 nyuma. Mutu wetu anatoka Sake ao Rutshuru, kichwa imegonga na mbavu imevunjika, amepoteza damu njiani, anafika nyuma ya masaa sita ao siku nzima. Tena siklosporini inaingia vibaya mu ubongo, inashusha kinga ya mwili na inachosha figo. Ku panya ukitia kidogo haisaidie, ukizidisha faida inapotea.

Njia ingine ni kulegeza kidogo ile nguvu ya umeme mitokondria inavutia nayo kalsiamu, ili isivute mingi. Kemikali moya ya kufanya vile ni DNP. Hapa naomba munisikie vizuri: DNP ilikuwa dawa ya kupunguza unene Marekani mu miaka ya 1930, ikaua batu, ikakatazwa 1938, na mpaka leo batu banaiuzisha ku intaneti ju ya kukonda na inaendelea kuua, mwili inachemuka ndani na haina dawa ya kuizuia. Ba chercheri ba Kentucky balijaribu ku panya aina yake ya polepole kwa ajili ya ubongo, lakini ile ni kazi ya maabara. Kama ndani ya kile kikopo banauzisha kuko poda ya manjano, msiiguse.

Na kwa ule mwenye odio: siklosporini ya kweli ni ya kupimisha damu kila mara, haiuzishwe mu kikopo ku soko.

Etudie_BKV

Bonsoir wote. Niko fakilte ya medsine hapa Bukavu, nimefurahi kuona hii mada kwa Kiswahili. Naongeza kitu moja, hii ya kufaulu kwa panya na kuanguka kwa mtu si ya mitokondria pekee. Projesteroni, ile homoni, ilikuwa na utafiti mzuri sana wa wanyama kwa miaka mingi, kisha 2014 majaribio mawili makubwa yakatoka pamoja, moja wagonjwa 882 ingine 1195, zote mbili zero. Kupoesha mwili pia, kwa karatasi ni kitu safi kabisa ya kupumzisha mitokondria, lakini 2015 jaribio ya Ulaya ilisimamishwa ju wale waliopoeshwa walienda vibaya kuliko wengine, na 2018 ingine kubwa tena haikuonyesha faida. Kwa hiyo mtu akikuambia "inalinda mitokondria" muulize: kwa nani, ndani ya masaa ngapi, na walikufa wangapi kila upande.

Mama_Furaha

Mimi si muganga, niko mama tu. Mwaka jana mutoto wa dada yangu alianguka na moto, fasi tulimufikisha balimutia seromu na dexa kila siku, dexa, dexa, banasema inapunguza kuvimba. Alibaki na shida ya kukumbuka mpaka leo. Nauliza bila kushitaki mutu: dexa inalinda hii mitokondria ao inafanya nini?

Muganga_Himbi

Mama Furaha pole sana kwa ule mutoto. Siwezi kusema shida yake ilitoka ku dexa, kichwa yenyewe ilikuwa imeumia na hakuna mutu anaweza kuachanisha ile leo. Lakini swali yako iko na jibu wazi.

Kuko jaribio inaitwa CRASH, ilitoka 2004. Balikamata wagonjwa 10,008 ba kichwa, mu inchi mingi, nusu banapewa metilprednisoloni, iko jamaa ya dexa, zote ni kortizoni, nusu maji tu. Balikuwa banataka kufika 20,000 lakini balisimamisha mu kati ju mu wiki mbili za kwanza bale ba dawa balikuwa banakufa 21.1% na bale bengine 17.9%. Ile njo mwisho wa kortizoni kwa kichwa yenye kugongwa. Kwa timoro, kwa abse, kwa meninjite ya aina fulani, dexa ina kazi yake. Kwa ajali hapana. Na bado inatiwa, fasi mingi, ju ni bei ndogo na ju familia inataka kuona kuko kitu kinaingia mu mushipa. Imepita miaka zaidi ya makumi mbili, inaniumiza kila mara naona ile ampule.

Na seromu, kwa ba kolegi banasoma hapa: glukozi 5% kwa kichwa hapana, labda kama sukari ya damu imeshuka kweli na umeipima. Ile sukari seli zinaimaliza mbio, inabaki maji tu, maji inaenda mu ubongo, inavimba zaidi. Tia ya chumvi, 0.9%.

Katuba_Lshi

Bandugu ba Goma jambo yenu, minawasoma hapa Lubumbashi. Mie njo nafanya musculation, ku sale yetu bantu banakunywa kreatini, na kuko mwenzetu aliniambia kreatini iko dawa ya ubongo. Tena kuko ile ya kikohozi ya ku sashe, asetilsisteini, nilisoma ba soda ba Marekani banaipewa nyuma ya bombe. Njo kweli ao ni publisite?

Etudie_BKV

Kaka wa Lushi, zote mbili ziko na kitu ndani yake. Asetilsisteini inasaidia seli kutengeneza glutationi, ile inazima ma radikali. Iko kweli utafiti wa 2013, askari 81 wa Marekani waliokuwa Irak, walipigwa na mshindo wa bomu bila jeraha kubwa, mild tu. Wale waliopewa ndani ya masaa 24, siku ya saba 86% hawakuwa tena na dalili, upande wa placebo (dawa ya bure, haina kitu ndani) 42%. Ni nzuri lakini ni watu 81, ni mshindo wa bomu, ni mapema sana. Hapa kwetu Kivu mshindo wa bomu tunaujua wote, kwa hiyo mimi hii naifuatilia kwa moyo, lakini haijarudiliwa kwa ukubwa wenye kutosha kubadilisha protokole.

Kreatini, kuko kazi ya Ugiriki ya 2006 kwa watoto na vijana wenye kichwa iliumia sana, walipewa miezi sita, 0.4 g kwa kila kilo kila siku, wakaenda vizuri kuliko wenzao. Lakini walikuwa wachache na wote walijua nani amepewa. Usiende kuuzisha ku sale kama dawa.

Mzee_Katoyi

Nimesoma yote mpaka hapa. Mimi naona munazunguka. Dawa ya Sweden hatuna, ya Kentucky hatuna, za batu 81 hatuamini. Basi hii mitokondria inatusaidia nini sisi ba Katoyi? Mutoto akianguka leo jioni nifanye nini, useme ile.

Muganga_Himbi

Mze, ile njo nilikuwa nangojea mutu aulize. Naandika kwa urefu mutaniwia razi.

Mitokondria inahitaji vitu bitatu: oksijeni, sukari, na damu ya kubileta. Ukikata kimoja mu yale masaa iko inapigana na kalsiamu, umeisukuma mu tundu kwa mikono yako. Marekani mu 1993 baliangalia wagonjwa ba kichwa mbaya sana, bakaona ule tansio (presha ya damu) ilianguka chini ya 90 hata mara moya tu, kufa kwao kuliongezeka karibu mara mbili. Mara moya! Njo maana mutu ameumia kichwa na mguu inamwanga damu, unashika kwanza ile damu ya mguu, unafunga kwa nguvu, ju ile damu njo ilikuwa inapeleka oksijeni ku kichwa. Batu banaangalia kichwa tu, na mutu anaishia ku mguu.

Kwa ba kolegi: tansio ya juu isishuke chini ya 110 kwa mutu wa miaka 15 mpaka 49 na kwa ule amepita 70, yaani 11 vile tunaandikaka ku fishi, na chini ya 100 kwa bale ba 50 mpaka 69. Oksijeni isishuke chini ya 90%, na mutu akipata oksijeni pale irjansi mbele ya kulipa, tumeshamufanyia kazi kushinda kikopo chote cha soko. Ukishika ambu (ule mufuko wa kumupumulisha) usikimbize, usifinye mara 30 kwa dakika ju uko na woga, ukimutosha gazi karboniki mingi mishipa ya ubongo inajifunga na damu haiingie. Homa uishushe, paracetamol inatosha, ju kila digri inapanda ubongo inataka oksijeni zaidi na haina. Pima sukari ya damu, kidogo ni mbaya na mingi pia ni mbaya. Kichwa ya kitanda inue kidogo, digri 30, shingo inyooke.

Na asidi traneksamiki, ile banatia mama mwenye kumwanga damu nyuma ya kuzaa. CRASH-3, 2019, wagonjwa zaidi ya 12,000: ikitiwa mbele ya masaa matatu inapunguza kufa kwa ile kichwa, kwa mutu mwenye kuumia kidogo ao kati, si kwa ule amefika karibu kufa. Gramu 1 mu dakika 10, kisha 1 ingine mu masaa 8. Hii inazuia damu, si mitokondria moja kwa moja, lakini damu ikipunguka ndani ya fuvu kufinywa kunapunguka na seli zinapumua.

Mze wa Katoyi, pale nyumbani kazi yako ni hii: usimunyweshe kitu. Najua banaletaka maziwa, banaletaka maji ya sukari, banamumwangia maji ya baridi ku uso. Mutu ambaye hajaamka vizuri ukimunywesha inaingia mu mapafu, na mapafu ikijaa, oksijeni imekwisha. Mulaze pembeni kama anatapika, shingo isizunguke, muinue batu batatu ao bane pamoja, musimubebe ku moto katikati ya ba wawili kama gunia. Tafuta gari, hata kama ni ya jirani mwenye kiburi.

Etudie_BKV

Yaya naheshimu kazi yako lakini hapa nakupinga kidogo. Oksijeni na tansio tunazilinda ju ubongo mzima unazihitaji, ile tulijua mbele mtu yeyote hajasema mPTP. Ukiita ile "kulinda mitokondria" unampa mwenye kikopo neno la kuuzia kesho. Atasema hata muganga wa Himbi amesema.

Muganga_Himbi

Nakuelewa petit, na ile woga yako iko na msingi. Lakini mimi nafundisha ba stajieri, na nimeona kitu: ukimwambia mutu "tansio isishuke" anaandika mu kaye, anasahau. Ukimwonyesha kwa nini, ile saa tansio imeshuka kuko kitu ndani ya seli kinapasuka na hakitarudi, anakimbia kutafuta seromu. Nimeyaona kwa macho. Na ule wa kikopo atasema tu, tukinyamaza atasema zaidi.

Halafu utafiti yenyewe isiachwe. Boston mu 2016 bameonyesha ku panya kama seli ndogo za kusaidia, ba astrosite, zinapeleka mitokondria zao kwa neuroni yenye iko inakufa nyuma ya damu kukatika. Zinampatia jirani mitokondria yao yenyewe! Kuko ba docta banajaribu kupandikiza mitokondria ku moyo ya watoto, kesho inaweza kuwa ubongo. Mimi natamani ile siku ifike ningali na nguvu, na ifike mpaka hapa kwetu, isibaki kule.

Motari_Ndosho

Docta hujanijibu ya pili bado. Ule anaamka anasema niko fresh.

Muganga_Himbi

Ndiyo, ulikuwa na haki. Ule anaona nyota na kuamka, kwa kawaida mitokondria yake haipasuke yote, lakini inachoka. Ubongo iko na kazi mingi ya kurudisha kalsiamu na potasiamu fasi yake, inataka ATP mingi, na damu yenye inafika imepunguka. Ile pengo inabaki siku mingi. Ba Italia mu 2008 balipima kitu kinaitwa NAA ku ba spotifu balipigwa kichwa, NAA inatengenezwa mu mitokondria kwa hiyo inakuonyesha vile iko. Balikuwa banasema bamepona, kichwa haiumi tena, lakini NAA yao ilirudi kawaida karibu siku ya 30. Na ule alipigwa mara ya pili mbele ya ile kurudi, alifika siku 45. Kwa hiyo mutu anaweza kujisikia fresh na ubongo yake haijamaliza kazi. Akigongwa tena mu ile wiki, inakuta mitokondria haina nguvu ya kupokea.

Najua hautaacha moto siku 30, watoto banangoja kula. Lakini leo na kesho usipande. Siku mbili za kwanza pumzika kweli, hakuna pombe, hakuna mupira, kisha urudie polepole, na kama kichwa inaanza kuuma ao unaona mbili mbili, shuka. Ibuprofene na aspirini acha siku za kwanza ju zinasaidia damu kumwangika, kamata paracetamol.

Na kaske, kofia ngumu ya moto. Kaske ya kufunga chini ya kidevu, ya kweli, inapunguza kuumia kichwa kwa kama 69% na kufa kwa kama 42%. Hata ule kliyan nyuma.

Motari_Ndosho

Docta ile ya kliyan nyuma njo ngumu, ba mama banakataa ju ya nywele na ju kaske inapita kichwa ya batu kumi kwa siku. Lakini kuko moya mu asosiasio yetu anaanza kutia kitambaa chini yake, kila kliyan na kitambaa yake, inasaidia. Nitawaongelesha Jumapili ku mukutano. Naomba unitumie alama za hatari kwa maneno machache, nitasoma kwa odio, ba motari mingi hawasome hii uzi yote.

Muganga_Himbi

Iko hapa, soma vile vile: "Mwenzetu akigonga kichwa, hata akisimama mwenyewe, musimuache peke yake mpaka kesho yake saa ileile. Mumupeleke lopitali mbio kama anatapika zaidi ya mara moya, kama kichwa inaendelea kuuma zaidi, kama anaongea maneno isiyoeleweka ao hatambue batu, kama usingizi inamubeba na hamuwezi kumuamsha vizuri, kama anatetemeka kifafa, kama mukono ao muguu upande moya imelegea, kama mboni ya jicho moya imekuwa kubwa kushinda ingine, kama maji meupe ao damu inatoka mu sikio ao mu pua. Musimunyweshe dawa ya kikopo, musimunyweshe kitu. Mukifika, semeni saa gani alianguka."

Ile saa mwisho usiisahau ku odio. Tunaiulizaka kila mara na hakuna mutu anaijua, na asidi traneksamiki iko na masaa matatu tu.

Mama_Furaha

Nimeiandika ile saa ku ukuta ya parsel pembeni ya namba ya mwenye gari. Motari ukishasoma odio utume na hapa, tuko na grupe ya ba mama ba Majengo.